Maji Juu ya Chuma cha Moto

"Sidi, hawa wenye pikipiki wangekuwa hawasimami hapa kwako, ungezungumza na nani?"

Pola alimuuliza hivyo asubuhi moja wakichambua mchicha barazani, wala hakuwa na nia mbaya. Alikuwa jirani wa ng'ambo ya barabara, na maswali yake yote yalikuwa ya namna hiyo, yanakuja uchi bila hata leso. Sidi alicheka. Akasema atazungumza na Mungu, maana Mungu hana haraka. Pola akasema sawa, lakini Mungu haji kuomba chumvi. Miezi miwili baadaye mwanawe Pola alipata kazi kwenye mashamba ya chumvi kule Marereni, akaja kumchukua mamake pamoja na kuku wake, na nyumba ya ng'ambo ikabaki na kufuli na majani.

Basi akabaki Sidi peke yake pale konani.

Kona yenyewe ni ya pili ukishuka kutoka Kaloleni kuelekea pwani. Nyumba iko karibu sana na barabara, kwa sababu marehemu mumewe, Ngala, aliyeijenga alipenda kujua nani anapita na amebeba nini. Ngala alichukuliwa na sukari, mwaka wa tatu huu. Walijaliwa mtoto mmoja tu, Gladys, naye anafua mashuka katika hoteli moja ya Kikambala. Hupiga simu Jumapili baada ya ibada, na simu hukatika kabla ya kusemwa la maana. Siku nyingine zote nyumba ilikuwa kimya mpaka Sidi alijikuta anamwitikia mtangazaji wa redio. Redio ikisema habari za asubuhi, naye jikoni anasema njema, na za huko. Siku alipojisikia, aliona haya kana kwamba kuna mtu aliyemwona.

Habari ya maji ilikuwa imeanza na Kitsao, Pola angali yupo. Huyu Kitsao ni mwendesha bodaboda mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuuza samaki. Adhuhuri moja alikuwa akishuka na madumu manne ya mnazi, ile pombe ya tembo, na abiria juu yake, akahisi mkono wa breki umelegea, anaubana mpaka unagusa usukani na pikipiki bado inakwenda. Akaipandisha ukingoni, ikasimama mlangoni kwa Sidi. Gurudumu la mbele lilikuwa linanuka kama kwato zilizoungua. Ile sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu, ambayo wenyewe huiita diski, ilikuwa imegeuka rangi, buluu na zambarau. Sidi hakuwaza mara mbili. Alichota maji mtungini kwa kata ya kifuu, akamwaga. Chuma kikalia tssss, mvuke ukapanda, Kitsao akarudi nyuma akicheka.

"Mama, umeibatiza," alisema.

Akaketi kungoja. Akapewa maji ya kunywa, akaeleza habari za mkewe, za mbuzi wake, za chifu. Alipoondoka, Sidi alibaki mlangoni akitabasamu peke yake.

Kesho yake Kitsao alirudi na mwenziwe. Mwezi haukuisha, ikawa ni desturi. Anayeshuka na mzigo husimama kwa Mama Gladys "kuoga," ndivyo walivyosema. Sidi alinunua dumu kubwa la maji kwa ajili yao tu, akalitia kivulini ili maji yawe baridi. Alikuwa akimwaga huku akiomba kimoyomoyo, Bwana, mfikishe huyu salama, mrudishe kwa watoto wake. Kata moja, ombi moja. Hakuna aliyeondoka bila kuombewa, hata wabeba mnazi, ingawa yeye mwenyewe tembo hakuigusa tangu kubatizwa.

Lazima niseme jambo kuhusu ule mteremko, maana bila hilo haieleweki kwa nini chuma kilikuwa kinachemka. Vijana wa bodaboda wakifika juu huzima injini. Wanaitia nyutro, yaani bila gia, wanaiacha pikipiki ishuke yenyewe, eti petroli ya bure. Injini ikizimwa haishikilii tena gurudumu, kwa hiyo kazi yote inaiangukia breki, nayo inabanwa kutoka juu mpaka chini bila kuachiwa. Na mwaka huu mambo yalizidi, kwa kuwa kuliingia fasheni. Zamani pikipiki zao zilikuwa na diski nene, nzito, yenye matundu ya kuhesabika. Sasa madukani kulikuwa na diski nyembamba, ukingo wake umekatwa mawimbimawimbi kama petali, na matundu yamejaa kama chujio. Wao wakaziita diski za maua. Kila mmoja alitaka ua lake.

"Angalia matundu haya, mama," Kitsao alimwonyesha siku alipofunga yake. "Upepo unaingia huku, unatokea huku. Hii haipati moto hata ukishuka kutoka mbinguni."

"Na mbona bado inalia nikiimwagia?"

"Inafurahi."

Wenzake wakacheka. Sidi akacheka nao. Lakini ni mwanamke wa kuangalia mambo, na alikuwa ameona kwamba zile za maua zinalia zaidi, na wenye nazo wanasimama mara nyingi zaidi. Hakuuliza kwa nini. Wanasimama, na hilo lilimtosha.

Cindy alikuja siku ya Jumanne. Ni fundi wa pikipiki, ana kibanda karibu na steji ya bodaboda ya Kaloleni, msichana mwembamba anayevaa ovaroli ya marehemu babake na kitambaa kichwani. Alisomea chuo cha ufundi Kilifi, na vijana wa steji walikuwa wanamtania kwamba mikono yake imeumbwa kwa kukanda unga. Hata hivyo walimpelekea pikipiki zao, kwa sababu hakuwa anaiba vipuri.

Siku hiyo alisimama kufunga mzigo wake upya, akakuta watu watatu wanaogeshwa. Akatazama kata ikishuka, akatazama mvuke. Alingoja mpaka wakaondoka wote, ndipo akasogea barazani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Yako nayo ina moto?"

"Yangu haina, mama, ahsante. Naomba kukaa kidogo."

Akaketi mkekani. Alionekana kama mtu aliyetumwa na habari ya msiba, hajui aanzie wapi.

"Mama, mafiga yako pale jikoni. Ukipika asubuhi, yanapoa saa ngapi?"

Sidi alishangaa, lakini alijibu. "Mpaka adhuhuri bado yana uvuguvugu."

"Na kifuniko cha sufuria?"

"Hicho hata sijaketi kula kimeshapoa."

"Na kupata moto?"

"Upesi vilevile. Dakika moja, hukishiki."

"Basi diski nene ni figa," Cindy alisema. "Inameza moto mwingi kabla haijalemewa. Hizi za maua ni kifuniko. Kwenye barabara tambarare hazina neno, unabana, zinapata moto, unaachia, zinapoa. Lakini kwenye mteremko huu, mtu amezima injini, amebana kutoka juu mpaka chini, nafasi ya kupoa hakuna. Moto unapanda mpaka unaingia kwenye mafuta ya breki, yanachemka, na mkono unalegea."

"Wao wanasema matundu yanaleta upepo."

"Kidogo, sikatai. Lakini kazi ya matundu ni kutoa maji ya mvua na unga wa pedi za breki, na kupunguza uzito. Na kila tundu, mama, ni mahali chuma kimepungua. Ufa ukitafuta pa kuanzia, huanzia hapo." Akatazama dumu. "Mama, uliwahi kufinyanga?"

"Mamangu alifinyanga."

"Chungu kikitoka motoni, ukikimwagia maji baridi?"

Sidi naye akalitazama dumu. Alikuwa ameshafika alikokuwa anapelekwa. Akaona mkono wake mwenyewe ukiinamisha kata, siku baada ya siku, mwaka mzima na zaidi.

"Upande uliopata maji unasinyaa," Cindy aliendelea kwa upole, "upande wa pili bado umevimba. Vinavutana. Diski nene inaweza kuvumilia kwa muda. Hizi hazitavumilia. Kwanza zinapinda. Mkono wa breki ukianza kutetemeka vidoleni, jua imeshapinda, na nyufa ziko njiani. Mtu wa namna hiyo asipande tena, asukume kwa miguu."

"Sasa wafanye nini?"

"Wasizime injini. Waweke gia ya pili, injini iwashikilie. Wabane, waachie, wabane, waachie. Na wakipumzika, wapumzike kivulini nusu saa bila maji. Mimi nimewaambia, wananicheka. Wewe watakusikia, mama. Wanakupenda."

Sidi alisema atawaambia. Alisema kwa moyo wake wote. Cindy akamshukuru, akawasha pikipiki yake, akashuka polepole huku injini ikinguruma.

Jioni ile Sidi alipiga magoti, akamshukuru Mungu kwa kumfunulia. Akapanga maneno yake. Aliyapanga vizuri, kama anayejiandaa kutoa ushuhuda kanisani.

Jumatano asubuhi akaja Kitsao.

"Mama Gladys, leo mwogeshe mtoto wa mfalme," alisema kabla hata ya salamu. "Mke wangu amejifungua. Wa kike. Nimekwambia wewe kabla sijamwambia shemeji yangu."

Utamwambiaje mtu habari ya nyufa wakati huo? Sidi alishika kata. Akamwaga. Akaomba.

Baadaye siku ileile walikuja wawili. Alifungua kinywa, akasema, "Wanangu, hivi mngekuwa mnapumzika tu bila maji, si ingetosha?"

"Bila maji tungekaa kungoja nini, mama?" mmoja akajibu. "Tungepita zetu. Nusu saa ya kukaa ni abiria wangapi hao?"

Alisema kwa mchezo, lakini lilimwingia Sidi mahali ambapo halikutoka. Ni kweli. Maji yalikuwa ya dakika kumi, na zile dakika kumi ndizo zilizokuwa zake. Alimwaga. Alhamisi akajiambia atasema wakiwa wengi, asirudie mara mbili. Walipokuwa wengi, akajiambia kelele zimezidi. Ijumaa alipunguza maji, akamwaga nusu kata, kana kwamba nusu ya kosa si kosa. Na kila siku aliomba, ila sasa ombi alilikatiza katikati.

Jumamosi akaja Laban.

Laban alikuwa mkimya kuliko wote. Mwaka mzima alikuwa anasimama, anasema shikamoo, anamwagiwa, anasema ahsante, anaondoka. Hakuwahi kuketi. Siku hiyo alikuwa na madumu ya mnazi ya kikao cha harusi ya dada yake, yamefungwa kwa kamba za mpira pande zote. Diski yake ilikuwa ya maua. Sidi alipoinama, aliiona nyeusi kwenye kingo za matundu.

"Mayo," Laban alisema, kwa lugha ya nyumbani, anavyoitwa mama mzazi. "Leo breki inatetemeka mkononi. Kama ina baridi."

Sidi alisimama na kata mkononi.

"Tangu lini?"

"Tangu jana. Itaacha." Kisha akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya. Aliketi barazani, akanyoosha miguu. "Harusi ni Jumamosi ijayo. Mamangu ameniambia nikwambie uje. Ukae na kina mama wa kwetu, usikae na wageni. Nitakufuata mwenyewe, nikurudishe mwenyewe."

Miaka mitatu hakuna nyumba iliyomwita isipokuwa kwa matanga. Sidi alihisi macho yake yanalowa, akayafuta kwa ncha ya leso. Laban aliendelea kueleza habari za nguo, za nani atapika, za shangazi yake mgomvi, na kwa mara ya kwanza Sidi alimsikia akicheka. Kicheko chake kilikuwa chembamba, cha kitoto. Diski ilikuwa inangoja. Maneno yote ya Cindy yalikuwa pale, moja baada ya jingine, mafiga, kifuniko, chungu, kutetemeka. Angeyasema, Laban angeinuka. Angeanza kusukuma pikipiki kwa miguu kwenye jua, amekasirika, na harusi ingebaki hewani.

Akamwaga. Chuma kilitoa sauti nyingine siku hiyo, kama ukucha ukigonga kikombe, tik. Laban hakuisikia, alikuwa anafunga kofia yake.

"Nenda polepole, mwanangu," Sidi alisema.

"Nitakwenda."

Haikupita nusu saa. Gari la mchanga lililokuwa linapanda lilisimama, dereva akamwambia kuna bodaboda ameanguka kule darajani, mnazi umemwagika barabara nzima. Diski ilikatika, kipande kikabana gurudumu la mbele, pikipiki ikamrusha. Amevunjika mtulinga na mguu. Anapumua, wanampeleka hospitali. Sidi aliketi pale pale chini, kwenye saruji, na kata bado iko mkononi.

Jumatatu vijana wa steji walikutana. Walikutana barazani kwake, kwa kuwa ndipo walipozoea kukutana, na hakuna aliyeona tatizo. Mwenyekiti wao ni Mwambire, mtu mzima kidogo, mwenye kupenda kusema "kwa kifupi" kisha akachelewa. Kwa kifupi, alisema, diski ya Laban ilifungwa na Cindy. Fundi amefunga kitu kimekatika. Kwa hiyo Cindy aondoe kibanda chake pale steji, atafute kwingine.

Cindy alikuwa amekuja na diski yenyewe ndani ya kiroba. Aliitoa, akaiweka mkekani, vipande viwili.

"Angalieni hapa," alisema. "Nyufa zinatoka tundu hili kwenda hili, kwenda hili. Boliti zangu zote zipo, hakuna iliyolegea. Mimi nilimwambia Laban diski hii si ya mteremko, akaitaka."

"Ulimwambia na bado ukamfungia," Kitsao alisema.

"Nilimfungia. Hilo ni kosa langu, sikatai."

"Unaona? Amekubali."

"Mrudisheni jikoni," mmoja akasema, na wachache wakacheka bila furaha.

Cindy alivumilia. Alimtazama Sidi mara moja tu. Hakumtazama kwa kumshitaki, alimtazama kama mtu anayetaka kujua iwapo mwenziwe yuko hai. Kisha akaangalia chini, akaanza kuvirudisha vile vipande kwenye kiroba. Na Sidi akaelewa kwamba msichana huyu hatamtaja. Atafukuzwa, atabeba vifaa vyake, na hatamtaja.

"Ni maji," Sidi alisema.

Wakageuka.

"Ni maji yangu. Chuma cha moto kikimwagiwa maji baridi kinapasuka, kama chungu. Hizi za maua ni nyembamba, ndizo zinazopasuka kwanza. Cindy hana kosa. Ni mimi nimezipasua."

Kitsao alinyanyuka, akaenda kwenye pikipiki yake, akachuchumaa, akapitisha ukucha kati ya matundu ya diski. Alikaa huko muda. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika.

"Yangu nayo inayo," alisema. "Nyufa tatu. Ndogo kama nywele."

Wakaenda wote kuangalia zao. Mwambire alirudi wa kwanza, akasema, kwa kifupi, kibanda cha Cindy kibaki. Wengine walikuwa wanamtazama Sidi kwa huruma, jambo ambalo lilimchoma zaidi.

"Hukujua, mama," Kitsao alisema. "Hata sisi hatukujua. Nani angejua?"

Sidi alifungua kinywa. Cindy alikuwa bado anafunga kiroba, fundo juu ya fundo, hainui kichwa. Sidi akakifunga kinywa.

Tangu siku ile hawakusimama tena. Si kwa chuki. Walipiga honi wakipita, wengine walipunga mkono. Wengi walirudisha diski nene, wakaanza kushuka kwa gia ya pili, injini zikilalamika, na kwa kuwa breki hazikupata moto, hapakuwa na sababu ya kuegesha. Lile dumu Sidi alilimwaga kwenye mche wa mpapai, akalipindua. Kitsao alisimama mara moja kumwonyesha picha ya mtoto kwenye simu, akiwa bado juu ya pikipiki, mguu mmoja chini. Cindy alikuwa akipita anapunguza mwendo, anasema shikamoo mama kwa heshima ileile, lakini hakuketi tena mkekani. Harusi ya dada yake Laban iliahirishwa, kisha ikafanyika, na hakuna aliyekuja kumfuata.

Kanisani Sidi alisimama wakati wa maombi akashindwa kusema. Alikuwa anaomba usiku na mchana, na kila akiomba aliona kwamba anamweleza Mungu jambo ambalo si Mungu aliyepaswa kuelezwa.

Laban alikuja baada ya wiki saba. Aliletwa na Kitsao, ambaye alimshusha akaenda zake kushusha mzigo. Mguu ulikuwa bado haujanyooka, anatembea na fimbo, na bega moja limeshuka. Sidi alimpa kiti, akampa chai ya tangawizi. Laban aliketi, akapuliza chai, akanywa kidogo.

"Mayo, nimekuja kwa sababu naambiwa umejifungia," alisema. "Hutoki. Hata sokoni hutoki."

"Natoka, mwanangu. Nikihitaji."

"Mimi sina neno na wewe. Nimekuja useme umenisikia. Sina neno. Ulikuwa unatuhurumia. Hukujua." Alinywa tena. "Nimezungumza na Mwambire. Nimewaambia wasimame hapa wapumzike, bila maji, kama anavyosema Cindy. Kitsao amekubali. Wengine watakubali, mimi ndiye niliyevunjika, watanikataliaje? Mamangu naye anakusalimu. Anasema ukiweza, uje Jumapili."

Yote yalikuwa yamewekwa mbele yake, kama sinia. Alichotakiwa ni kuitikia tu. Aseme ahsante, mwanangu, Mungu akubariki, na kesho kona ingejaa watu. Sidi aliitazama mikono yake mapajani. Aliitazama muda mrefu mpaka Laban akaweka kikombe chini.

"Laban. Mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Habari ya maji. Cindy aliniambia Jumanne. Wewe ulianguka Jumamosi."

Laban alitabasamu, kama mtu anayemsaidia mzee kukumbuka vizuri. "Labda hukumwelewa. Yule msichana anasema haraka."

"Alisema polepole. Nilimwelewa."

"Lakini ulikuwa umezoea. Mkono umezoea."

"Mkono haukuwa umezoea siku ile. Ulikuwa unajua unachofanya."

Tabasamu lilianza kuondoka, si kwa ghafla, kidogo kidogo. Laban aliangalia mahali pale pale barabarani alipokuwa ameegesha siku ile.

"Nilikwambia breki inatetemeka," alisema.

"Uliniambia."

"Na hilo?"

"Na hilo Cindy alikuwa ameniambia. Alisema ikitetemeka, mtu asipande. Asukume kwa miguu."

Gari lilipita. Vumbi likaja mpaka barazani, likatua kwenye chai.

"Kwa nini, mayo?" Sauti yake haikuwa na hasira, na Sidi alitamani ingekuwa nayo. "Ungesema tu. Neno moja."

Angeweza kusema mengi. Angeweza kumtaja Ngala, na redio, na kufuli kwenye nyumba ya ng'ambo. Hakuona hata moja ambalo lingesimama mbele ya mguu ule.

"Ulikuwa umeketi," alisema. "Ulikuwa hujawahi kuketi. Sikutaka uinuke."

Laban alikisogeza kikombe pembeni. Alichukua fimbo iliyokuwa imelala kando ya kiti, akaikita sakafuni, akajaribu kusimama, akashindwa. Sidi alinyanyuka kumshika. Laban aliinua kiganja, akamzuia hapo alipo. Akajaribu mara ya pili. Mara ya tatu akasimama. Akashuka ngazi ya baraza kwa upande, mguu mzima kwanza, akauvuka uwanja akiburuta ule mwingine kwenye mchanga, akaingia barabarani na kushika njia ya kushuka.